Ukisema 'nimetekwa', sema ni nini kimetekwa

Jumamosi moja asubuhi anti yangu alinipigia simu. "Wewe mtoto, zile elfu tatu zimefika? Na hizo dawa ni za nini?" Nilikuwa bado kitandani, mzima kabisa, na sikuwa nimemwomba mtu yeyote pesa.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimepata ujumbe kutoka kwa rafiki: "Buda, kuna nambari sita zimekuja kwako kimakosa. Nirushie." Nikarusha bila kufikiri. Kumbe rafiki mwenyewe alikuwa ameshapokonywa akaunti yake, na nambari hizo sita ndizo WhatsApp hukutumia mtu akijaribu kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Nikilala, mgeni alikuwa akiongea na familia yangu kwa jina langu.

Sasa jaribu kumweleza anti yako hayo kwa Kiswahili. Nilimwambia, "Anti, nimetekwa nyara kwa WhatsApp." Alisikia maneno mawili ya kwanza tu. "Uko wapi? Ni akina nani? Gari ni ya rangi gani?"

Huwezi kumlaumu. Tangu maandamano ya Juni 2024, neno hilo halichezewi hapa Kenya. Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imerekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko. Anti husikiliza habari. Mimi ndiye niliyetumia neno vibaya.

Nilichotaka kusema ni "hijack". Neno hilo lilivuma Marekani miaka ya 1920, pombe ilipokuwa haramu: genge moja lilisimamisha lori la pombe ya magendo la genge lingine na kutokomea nalo. Baadaye likapanda ndege. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa na kuishia Entebbe, na makomando wa Israeli waliookoa mateka walitua Nairobi kujaza mafuta wakirudi kwao. Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa, ikaishiwa na mafuta na kuanguka baharini Komoro. Watu 125 kati ya 175 walifariki. Septemba 2008 maharamia wa Somalia wakateka meli ya MV Faina, ikija Mombasa na vifaru 33.

Umeona kinachounganisha visa hivyo? Mwizi wa kawaida huchukua kitu chako na kuhepa. Wa "hijack" hunyakua chombo kikiwa safarini, na mara nyingi hushika usukani wewe ukiwa bado ndani. Ndiyo maana mtaani tunasema mtu amekuhaijakia plani au stori: ulianza wewe, sasa anaendesha yeye.

Kiingereza kina neno lake kwa chombo na lingine kwa mtu. Kiswahili hubebesha "teka nyara" mizigo yote miwili. Nyara zenyewe ni mali iliyotwaliwa vitani au windoni. Pembe za ndovu huitwa nyara za serikali. Kwa hivyo ukitumia neno hili, taja kilichotekwa kwanza. "Akaunti yangu imetekwa" ingemwokoa anti presha.

Akaunti niliirudisha kwa kusajili nambari yangu upya. Nikapata nambari sita mpya, na yule jamaa akatupwa nje. Elfu tatu hazikurudi. Zilikuwa za mbolea.

Kwa hivyo leo, kabla hujafunga ukurasa huu, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Zile nambari sita usimpe mtu, hata akiwa mathe. Na ukiombwa pesa kwa ujumbe, piga simu usikie sauti.

Anti sasa ana sheria yake. Juzi nilikwama kweli, nikamwandikia. Alijibu mara moja: "Nipigie kwanza. Na uniambie mbuzi wangu mweusi anaitwa nani."