Mizani Nzima, Mtoto Mgonjwa

Wanakikundi, mkipima watoto na kumpelekea muuguzi hesabu, yeye hutazama karatasi yenu kujua nani apewe chakula cha matibabu. Basi karatasi isidanganye.

Kwanza, je, kipimo kinarudia jibu lile lile? Wataalamu huita hilo uthabiti. Kabla akina mama hawajafika, ning'inizeni pakiti ya unga ya kilo 2, iondoeni, irudisheni. Ikisoma kilo 2 na nusu kila mara, haibadiliki kweli, lakini ni mwongo asiyebadilika! Utepe wa mkono nao upimwe na watu wawili, kila mmoja peke yake: mkono wa kushoto, umelegea, katikati ya bega na kiwiko. Mmoja akipata sentimita 11.3 na mwingine 12, rudieni. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya 11.5 ni hatari. Zamani mpaka ulikuwa 11. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliupandisha mwaka 2009.

La pili ni gumu zaidi: kinapima kile mnachotaka kujua? Mtoto wa kwashakoo amejaa maji, kwa hivyo mizani nzima kabisa itamsifu. Mbonyezeni kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, sekunde 3. Vishimo vikibaki, aende hospitali leo, hata kadi ikipendeza.

Mkiuliza habari za kuhara, ulizeni wiki 2 zilizopita tu. Ya miezi mitatu nyuma mama ameshasahau, atajibu chochote ili mwondoke. Na mwandike hapo hapo, si jioni jikoni.