Mbwa Mgeni na Mbwa Mwenyeji: Tuwakutanishe Bila Vita



Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wako wenzetu wanaoichukua methali hiyo na kuwahukumia mbwa, wakidai kwamba mbwa wawili katika ua mmoja ni ugomvi wa kila siku. Sisi hatukubaliani nao. Mbwa si fahali. Kwa asili yake ni mnyama wa kuishi na wenziwe, na mbwa wawili waliokutanishwa kwa utaratibu hula, hulala na kulinda pamoja. Ugomvi mwingi unaoonekana makambini chanzo chake ni haraka yetu sisi wenye mbwa, hasa siku ile ya kwanza.

Jambo hili si dogo. Katika mashamba ya miwa ya Busoga na ya chai ya Toro, kama ilivyo katika mashamba mengine mengi, nyumba za wafanyakazi zimepangwa mlango kwa mlango, na watoto wa familia nyingi huchezea ua mmoja. Mfanyakazi hutoka alfajiri kwenda shambani, au jioni kwenda zamu ya usiku kiwandani, na nyumba humwachia mbwa. Mbwa huyo anapozeeka, meno yakaisha na masikio yakawa mazito, mwenyewe hutafuta mtoto wa mbwa ili aanze kuzoea nyumba mapema. Ni shauri zuri. Lakini wale wawili wakipigana mlangoni, mara nyingi anayekimbilia kuwaamua ni mtoto, na meno humwingia yeye. Hapo kuna gharama za matibabu, kuna siku za kazi zilizopotea, na juu ya yote kuna hofu ya kichaa cha mbwa.

Tukumbushane habari ya ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na katika kila 10 wanaofariki, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Kwa hiyo anayeleta mbwa nyumbani analeta mlinzi, na pia anachukua dhamana mbele ya majirani zake wote.

KABLA HAJALETWA

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza majuma 8. Wiki hizo kwa mama na ndugu zake si za kunyonya tu. Ni shule yake. Humo hujifunza kwamba ukimng'ata mwenzio kwa nguvu, mchezo unakwisha. Aliyeachishwa mapema hukosa adabu hiyo, na mbwa mzee ndiye atakayemfundisha kwa ukali. Lakini usikawie sana vile vile. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi, na katika kitabu chao cha mwaka 1965 walieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa huzoea kwa urahisi viumbe walio karibu naye. Basi umri wa majuma 8 hadi 12 ndio unaofaa.

Muulize mwenye mama kama mama amechanjwa. Mtazame mtoto: macho yawe safi, asiharishe, tumbo lisivimbe kama ngoma. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, kwa sababu huipata tangu tumboni mwa mama, na minyoo hiyo huweza kuwapata watoto wetu pia. Apewe dawa. Mwone ofisa wa mifugo mapema akupangie chanjo zake. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akitimiza miezi 3, kisha hurudiwa kwa tarehe zitakazoandikwa katika cheti chake. Mbwa mzee naye awe amechanjwa kabla ya mgeni kufika. Kama mbwa mwingine amekufa hapo kwa kuhara damu, mwambie ofisa huyo kwanza, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa wa pavo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi.

Ukiweza kuchagua, dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi kuliko wawili wa jinsia moja. Hata hivyo shauriana na ofisa wa mifugo juu ya kuhasi, la sivyo mwakani utakuwa na mbwa 8 na posho ya mbwa 2.

SIKU YA KUKUTANA

Usimwingize mgeni moja kwa moja hadi pale anapolala mwenyeji. Kwa mbwa mzee, mlango ule ni wake, na mgeni anayekutwa ndani huonekana mwizi. Wakutane mahali pasipo pa mmoja wao, kwa mfano njiani au penye uwazi pembeni ya kambi, mahali ambapo mbwa wengine hawapiti sana.

Wawe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake. Mbwa mzee afungwe kamba, lakini kamba ilegee, maana kamba inayovutwa humtia mbwa hasira. Waacheni wanusane kwa muda mfupi, kisha waiteni kila mmoja upande wake, mpumzike, na mrudie. Kunusana nyuma ndiyo salamu yao, msiwakatize. Baada ya hapo tembeeni pamoja kurudi nyumbani, na mbwa mzee atangulie kuingia.

Yafaa kuifanya kazi hii siku ya mapumziko. Anayemleta mtoto wa mbwa saa kumi na mbili jioni, na saa moja anaingia zamu, amewaachia watoto wake kazi isiyo yao.

CHAKULA NA MAHALI PA KULALA

Mapigano mengi huanzia kwenye sahani. Weka sahani mbili mbalimbali, mmoja mbele ya nyumba na mwingine nyuma, na uwasimamie hadi wamalize. Mpe mzee kwanza. Mifupa na vichwa vya samaki wasipewe wakiwa pamoja. Sahani zikiisha kulambwa, ziondoe.

Mzee abaki na gunia lake pale pale alipozoea kulala. Mgeni atafutiwe lake, kando. Tena mzee apate wasaa wa kupumzika, kwa kuwa mtoto wa mbwa humng'ata mkia na masikio kutwa nzima. Kwa wiki mbili tatu za mwanzo msiwaache peke yao. Mnapokwenda kazini, mgeni akae nyuma ya kizuizi cha mbao au cha mabati kinachoruhusu hewa na kivuli, na maji yawepo.

KUNGURUMA SI KOSA

Wengi wetu tukimsikia mbwa mzee akinguruma tunashika fimbo. Hilo si sawa. Kunguruma ni onyo, naye anasema, "Umenichosha, sogea." Mtoto wa mbwa mwenye akili atasogea, na jambo limekwisha. Ukimpiga mzee kila anaponguruma, atajifunza kunyamaza, na siku moja atang'ata bila kuonya. Tena atajua kwamba kila mgeni anapokaribia, fimbo huja, na chuki itazidi. La kufanya ni kumwita mtoto wa mbwa na kumwondoa.

Jifunzeni kusoma miili yao. Mbwa anayeinamisha kifua na kuinua makalio anataka mchezo. Mbwa aliyekakamaa, mkia umesimama kama mti, macho hayapepesi na manyoya ya mgongo yamesimama, huyo atengwe mara moja. Anayegeuza uso na kulamba midomo anaomba aachwe.

WAKIPIGANA

Watoto wote wafundishwe jambo moja: mbwa wakipigana, usitie mkono wala mguu. Kimbia ukamwite mtu mzima. Mtu mzima awamwagie maji, agonge sufuria au debe, au apenyeze ubao kati yao.

Mtu aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Lisipakwe tope wala majani. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, ambako wahudumu wataamua kama anahitaji sindano. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira. Afungwe, aangaliwe siku 10, na ofisa wa mifugo ajulishwe. Akibaki mzima hadi siku ya 10, hiyo ni habari njema kwa aliyeng'atwa.

SIKU ZA MBELE

Mara nyingi baada ya majuma machache mbwa huwa wamekwisha kuzoeana. Lakini kati ya mwezi wa 6 na mwaka wa 2 kijana hupata nguvu na hutaka kujaribu cheo cha mzee. Rudieni sahani mbalimbali na macho ya karibu. Ikiwa wanaumizana mara kwa mara, afadhali mmoja apelekwe kwa jamaa kuliko kungoja damu.

Mwisho, tuwaheshimu majirani. Wako ambao dini yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa, na wako waliowahi kung'atwa wakabaki na woga. Waambie mapema kwamba unaleta mbwa wa pili, waonyeshe cheti cha chanjo, na umfunge mgeni mpaka azoee. Na siku ofisa wa mifugo anapokuja kuchanja, tusiende mmoja mmoja. Kambi nzima itoke na mbwa wake, kwa sababu mbwa mmoja asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wa kila nyumba.