Je, Wajua? Lango tupu hufufua mkeka

Mechi ya hoki ya barafuni ya ligi ya NHL ikianza saa moja jioni New York, wakati wa baridi yao, hapa Makole, Dodoma, ni saa tisa usiku. Kijana aliyezoea kubeti Simba na Yanga ataikuta kwenye simu na handikapu ya -1.5: timu aliyoichagua lazima ishinde kwa mabao mawili au zaidi.

Utamu uko dakika za mwisho. Timu inayofungwa humtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa sita. Lango likibaki tupu, 3–2 huweza kugeuka 4–2, na mkeka wa kubeti uliokwisha kuchanika unafufuka! Lakini mechi ikiingia muda wa ziada, -1.5 imekufa, kwani hapo mshindi hupita kwa bao moja tu, hata kwa penalti. Wajuzi huangalia pia kipa yupi anaanza, hasa timu ikicheza usiku wa pili mfululizo.

Kampuni ya kubeti yenyewe haina presha. Ikilipa 1.90 kila upande, ukiweka shilingi 1,000 kila upande, yaani 2,000 jumla, unarudishiwa 1,900.