Kamera ya bei kubwa: ununue lini?

Mahindi yakishauzwa, mpigapicha wa Tunduma au Vwawa hujiuliza: nibadili kamera? Tupige hesabu kwanza.

Picha ya albamu, inchi 4 kwa 6, huhitaji megapikseli 2 tu ili itoke safi. Ya ukubwa wa A4 huhitaji 9 hivi. Kamera yako ya megapikseli 12 inatosha.

Picha za ukumbini usiku zikitoka na giza, shida ni mwanga. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Hakikisha inaingia kwenye kamera yako.

Badili kamera pale inapokukosesha kazi: inazimika harusini, au wateja wanataka video isiyoiweza. La sivyo, anza na lenzi na flashi. Pesa inayobaki, nunua mbolea.