Ol Doinyo Lengai: juu ya nini wanaupanda usiku?

Wakaaji wengi wa Kolwezi wanajua barabara ya Tanzania: lori za shaba zinavuka Kasumbalesa, zinapita Zambia, zinafika Dar es Salaam. Lakini kaskazini mwa inchi ile, karibu na ziwa Natron, kuko mulima mmoja wenye wageni wanaenda kupanda: Ol Doinyo Lengai. Kwa Kimasai, jina hilo ni "Mulima wa Mungu". Wamasai wanaenda kule kuomba mvua, watoto na ng'ombe.

Mulima una karibu mita 2,900, na pande zake zinasimama wima. Ni volkano, kama Nyiragongo ya Goma. Tofauti iko kwenye lava: inatoka nyeusi, na joto yake ni digri 500 mpaka 600, karibu nusu ya ile ya volkano zingine. Kiisha kupoa inageuka nyeupe.

Juu ya nini usiku? Sababu njiani hakuna kivuli, na jua la mchana ni kali. Watu wanaanza usiku katikati pamoja na kiongozi wa pale, wanafika juu asubuhi. Kushuka ndiko kunachokesha zaidi: majivu inateleza, magoti inatetemeka.

Mgeni anapashwa kubeba maji yake yote. Tena anapashwa kumusikiliza kiongozi: mwaka 2007 mulima ulilipuka kwa nguvu na kurusha majivu mbali. Akisema "turudi", ni kurudi, hata kama umekwisha kulipa.