MOSHI WA MJINI UNATUHUSU

Huenda unasema, "Moshi wa mjini ni shida ya watu wa mjini. Mimi ni mkulima. Unanihusu nini?"

Unakuhusu. Mkaa unaowaka mjini umetoka vijijini. Na wengi wanaopikia mkaa huo ni watoto wetu.

Tutazame Dar es Salaam. Mwaka 2002 mkoa huo ulikuwa na watu wapatao milioni 2 na nusu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Watu wakiongezeka, magari huongezeka. Takataka zinazochomwa huongezeka. Majiko ya mkaa huongezeka. Vitu hivi vitatu huchafua hewa.

Ndani ya moshi mna chembe ndogo sana. Macho hayazioni. Ukivuta pumzi, huingia mpaka ndani ya mapafu. Huleta kikohozi, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Je, hewa chafu inaweza kusafishwa? Ndiyo. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi. Risasi ni sumu. Hudhuru akili za watoto. Kufikia mwaka 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo. Sumu ile haitoki tena kwenye magari yetu.

Sasa tuangalie mkaa. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni. Kwa hiyo watu hudhani hauna hatari. Si kweli. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Kijana wa mjini hupanga chumba kimoja. Mvua ikinyesha, huingiza jiko ndani na kufunga mlango. Akilala, anaweza asiamke tena.

Tufanye nini?

1. Mwanao akienda mjini, mwambie hivi: Pikia nje, mahali penye hewa. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Ukiona kichwa kinauma na kizunguzungu, toka nje upesi.

2. Tumia jiko banifu. Hula mkaa kidogo. Ukiweza, pikia gesi. Serikali imepanga kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia.

3. Kama unachoma mkaa, pata kibali kwanza. Kausha magogo vizuri. Yapange yabanane ndani ya tanuri. Magogo mabichi hutoa moshi mwingi na mkaa kidogo. Panda miti mahali ulipokata.

4. Usichome plastiki. Moshi wake ni sumu. Majani na maganda yasichomwe pia. Yafanye mboji, uyapeleke shambani.

Ndugu msomaji, je, una mtoto au ndugu mjini? Mpigie simu. Msomee habari hii ya jiko la mkaa. Usingoje masika.