Nywele Zilizooteshwa Maabarani

Ndugu msikilizaji, huenda uko Diff na mtoto wako anatoka nywele mabaka mabaka, nawe umesikia kwamba wataalamu huotesha nywele maabarani. Habari hiyo ina ukweli. Lakini sikiliza vizuri.

Katika shina la kila unywele mna chembe hai zinazouamuru uote. Zikikuzwa zimetandazwa sahanini, husahau kazi yao. Mwaka 2013 Angela Christiano, Colin Jahoda na wenzao walizikuza katika matone yanayoning'inia. Humo zikakusanyika pamoja, zikakumbuka sehemu ya kazi hiyo. Zilipotiwa katika ngozi ya binadamu iliyopandikizwa juu ya panya, chembe za watu 5 kati ya 7 ziliotesha nywele.

Hata hivyo, jambo hilo bado si tiba ya kawaida hospitalini. Anayekuuzia sokoni kwa jina hilo anakudanganya. Mpeleke mtoto zahanati: kama ni mapunye, vidonge vya kuyaponya vipo. Nawe mama, legeza misuko inayovuta, maana shina likishakuwa kovu, unywele haurudi. Tusingojee maabara ya mbali kwa ugonjwa unaotibika leo.